Mizani ya Pongwe

Mwanamkasi anapima malori ya makaa
yanayotoka Songea, siku tatu barabarani.
Namba anaandika yeye;
vumbi jeusi linamwandika yeye, kwenye mikunjo ya leso.

Juzi bosi alisoma barua ya wanunuzi wa ng'ambo:
miaka saba, kisha basi.
Akaikunja. Akatia sukari
vijiko vitatu badala ya viwili.

Bei imeshuka. Ajabu, malori yamezidi:
mwenye machimbo anauza
kama mtu aanuaye nguo akisikia ngurumo.

“Na wewe, shangazi?”

Anakung'uta daftari, vumbi linarudi palepale.
“Kazi yangu mizani.
Wakija na upepo kwa tani, nitaupima.”

Kisha, polepole:
“Ila upepo hauhitaji lori.”

Honi.
Tani thelathini na mbili.