Kofia Mbili

Ilmo ana miezi tisa. Sakafuni, jikoni kwetu Oulu,
nimelaza kofia mbili za sufu: moja nyekundu, moja ya kijivu.
Kijiko nakificha chini ya nyekundu. Anakipata, anacheka.
Mara ya pili, anakipata. Ya tatu, vilevile.

Sasa nakipeleka chini ya ile ya kijivu, polepole,
macho yake yakikifuata mpaka kikazama.
Nje theluji imefika dirishani.
Mkono wake unatoka, unakwenda
kwenye nyekundu.
Ameona. Ila mkono haukuambiwa.

Anaifunua, anaitazama sakafu tupu
kama mdai aliyekuta mlango una kufuli.
Halii. Anaifunua tena.

Dada yake Venla, miaka minne, ameshika kiuno:
"Si hapo, ni hapa! Kwani haoni?"
Juzi yeye alinitafutia miwani uvunguni mwa kitanda,
kwa kuwa kiatu ndiko kilikopatikana.

Usiku naamka kumpashia Ilmo maziwa.
Tuko hapa tangu Septemba,
na kiganja changu bado kinapapasa ukuta, kulia kwa mlango,
kikiitafuta swichi
ya nyumba ya Kemi.