Mlio Mmoja Mrefu, Miwili Mifupi

Saa kumi alfajiri, Olomouc, theluji imefika dirishani,
nawasha kompyuta ya mezani niliyouziwa kwa bei ya chee
na kinyozi wa ghorofa ya chini. Hakunidanganya:
"Inawaka," alisema. "Ila ina mdomo."

Mdomo kweli. Kabla kioo hakijapata rangi
inalia: mmoja mrefu, miwili mifupi.
Nazima. Nawasha. Mmoja mrefu, miwili mifupi.
Mara ya tatu ndipo inakubali kazi
nami nahesabu mikate ya watu:
mikate myeusi mia mbili, shule ya Hodolany;
maandazi ya mbegu za mpopi, arobaini, hospitali.

Ukuta wetu mwembamba kama ahadi ya mwenye nyumba.
Upande wa pili analala baba mkwe, mzee Čeněk,
aliyekaa stesheni miaka thelathini na minne
akigonga simu ya nukta na vistari.
Jina langu amelisahau. La mwanawe analitafuta
kama mgeni anayepapasa swichi gizani.
Lakini mlio ule anaujua.

"Ni D," huniambia mlangoni, kofia ya reli kichwani,
suruali ya kulalia, kiatu kimoja.
"Dluhonice wanaomba njia. Mbona hamna anayewajibu?
Treni imesimama, watu wamo ndani, makaa yanaisha."

Jumanne alifika hadi lango la chini, akalipita.
Kinyozi ndiye aliyemrudisha, barafu kwenye kope.

Basi Jumamosi nikalilaza kasha ubavu juu ya gazeti.
Skrubu tatu zilitoka kwa adabu. Ya nne imelewa,
yazunguka palepale; nikaibembeleza kwa kisu cha siagi.
Ndani: vumbi kama sufi, nywele za wateja wa kinyozi
(nyeusi, za kahawia, mmoja mwekundu kabisa),
feni iliyojifunika shuka la kijivu,
na pembeni, chini ya nyaya, ndiyo hiyo spika:
kiduara cha plastiki, hakizidi kifungo cha koti,
waya mwekundu, waya mweusi.

Hiki? Hiki ndicho kinachomtoa mzee wa watu
kwenye blanketi, kikampeleka thelujini?
Sikukikata. Nilikichomoa kama jino la utoto
nikakitia ndani ya kikombe cha mayai.
Najua, ugonjwa uko palepale. Kadi ya picha bado mbovu.
Nimemziba mdomo aliyekuwa akisema kweli.

Jumapili alfajiri. Nawasha, nazima, nawasha:
mashine inaumwa kimoyomoyo.
Nikafurahi kwa muda wa birika kuchemka.
Kisha kitanda cha upande wa pili kikalalama.
Nikachungulia. Ameketi wima, kofia kichwani,
mkono juu ya kijimeza, kidole kimoja kimeinuka,
na shuka halina hata kunyanzi la mtu aliyelala.
"Laini imekatika," alisema bila kugeuka.
"Wako nje na baridi hii, na mimi siwasikii."

Nikarudi. Nikakitazama kikombe cha mayai.
Ningeweza kuirudisha; pini nne, kufumba na kufumbua.
Nikachukua bisibisi badala yake,
nikapiga magoti penye bomba la joto linalopenya ukuta,
nikalikwaruza mara moja, taratibu,
halafu nikagonga. Ko. Ko.

Muda ukapita; sijui treni ina mabehewa mangapi.
Kisha bomba likajibu, mbiombio, kwa mkono wa kijana,
herufi tele nisizozijua hata moja,
na juu yake sauti ya mzee, ya kazini, kavu:
"Njia nyeupe, Dluhonice. Njia nyeupe. Piteni."

Nje kulikuwa kweupe kweli.
Nikasikia kiatu kikivuliwa. Kimoja.
Mikate myeusi, mia mbili, Hodolany;
nilikuwa nimefika wapi?