Penseli ya Kijani

Januari mjini Narva, saa tisa na nusu alasiri,
jua limeshafunga duka.
Taa za darasa zinavuma kama nyuki waliochoka,
na mimi nimeficha kalamu yangu nyekundu
ndani ya buti, chini ya soksi,
nisije nikashawishika.

Miaka kumi na saba nimesahihisha insha.
Nimezichora mpaka zikavuja damu;
wao wakatazama alama, wakakunja karatasi,
na wiki iliyofuata kosa lilelile
likarudi limechana nywele, likakaa kiti kilekile.

Leo nimegawa penseli za kijani.
"Kabla yangu mimi," nikasema, "jisomeni.
Someni kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu chenji
mbele ya muuzaji asiyemwamini.
Pale ulimi unapojikwaa, wekeni alama.
Msisahihishe kwanza. Ulizeni tu:
nani anatenda hapa? Lini?
Na je, amemaliza?"

Gleb amehesabu "halafu" kumi na tisa
katika ukurasa mmoja.
Anacheka, halafu hacheki.
Rodion amejipa tano juu ya tano,
akaisoma tena aya ya pili,
akajipa tatu,
akafuta, akaandika: nne, ila nne yenye mafua.
Sikumpinga. Ni tathmini bora
kuliko nyingi nilizowahi kutoa.

Na Zlata, binti wa ghorofa ya tano
nyuma ya kiwanda cha nguo kilichofungwa,
hajaweka alama hata moja.
Amekwama kwenye sentensi ya kwanza:
Baba alijenga bembea.

Nyumbani kwao wanasema Kirusi. Kiestonia
ni koti la shule, analivaa mlangoni.
Na Kiestonia kina hila zake:
hakina wakati ujao, hakijali mume wala mke,
lakini kitendo kikigusa kitu
sharti useme kama kiliisha.
Tena si kwa kitenzi. Kwa mkia wa nomino.
Bembea yenye g: imekamilika, panda.
Bembea yenye k: bado kamba, bado mbao,
baba yumo kazini.

Zlata alikuwa ameandika g.
Ningeipita na wino wangu bila kusita,
kwa kuwa ilikuwa sahihi.
Sarufi haikuwa na doa.

"Mwalimu," akaniuliza, "kosa ni kosa
hata kama wewe huwezi kuliona?"
Mtaala haukunipa jibu.
Nikavuta kiti.

Akaikata g kwa mstari mmoja.
Juu yake akaandika k,
nyembamba, ya kijani, imeinua mkono
kama mwanafunzi asiye na hakika.
Baba alikuwa akijenga bembea.
Na bila mimi kuuliza, sentensi ikazaa nyingine:
meli ya kwenda Helsinki, simu za Jumapili
zinazokatika kabla ya kwaheri,
nguzo mbili uani, na theluji inayokaa
pale ambapo mtoto angekaa.

Viambishi viwili amevikosea humo, nimeviona.
Kimoja alikirudia mwenyewe akakirekebisha.
Cha pili nimekiacha kilale hadi kesho.

Kengele ikalia. Wakatupa penseli kwenye kopo,
Gleb akaiba yake, nikajifanya sikuona.
Kwenye kisanduku cha mwisho cha kujitathmini,
palipoandikwa *Leo nimejifunza nini*,
Zlata ameandika:
Sijui bado. Nimo kwenye k.

Nilivaa buti nikiwaza hayo, nikasahau.
Hatua ya kumi, kalamu ikanidunga kisigino.
Baridi ilikuwa kali mno kusimama kuivua,
nikachechemea nayo hadi kituo cha basi.