Josho

Tangazo nililibandika mlangoni kwa ugali uliolala,
maana gundi ya ofisi ilikuwa imekwisha tangu Februari:
FLASHI HAIINGII HUMU BILA KUOGESHWA.
Kidato cha tatu wakaangua kicheko.
"Kwa sabuni gani, Mwalimu?" akauliza Khamala,
yule wa nyuma, ambaye shati lake halijawahi kukaa ndani ya suruali.

Nikamjibu: Wewe si umeswaga ng'ombe hadi josho la Malava?
Hata mtamba anayeng'aa, ambaye hujamwona na kupe hata mmoja,
humpitishi kando. Anatumbukia kama wenzake,
anatoka akitiririka, anakutazama kwa chuki,
na jioni analala zizini na wengine, salama.
Basi.

Kompyuta zetu ni kumi na mbili.
Zilitufikia zimeshachoka, zimestaafu benki fulani,
mbili kati yake zikikumbuka bado majina ya makarani.
Mama Nabwile wa jikoni alizishonea mashuka ya magunia
dhidi ya vumbi la trela za miwa
na matone ya saa tisa; mvua ya huku haikosi kipindi.
Mtandao tunausikia tu. Upo juu ya tangi la maji,
kijiti kimoja, na hicho nacho huja na kwenda.

Kwa hiyo kila Jumamosi mimi hushuka Kakamega
kwa Lumbasi wa saiba, nyuma ya soko la mitumba.
Kwa shilingi hamsini ananipakulia kinga ya wiki,
orodha ya virusi vipya, ndefu kama daftari la madeni ya dukani.
Flashi yenyewe naivaa shingoni kwa uzi mwekundu.
Narudi nikijiona daktari.

Jumatano, mashine ya nne ikaanza.
Folda ya Nasambu, mradi wake wa mtihani wa kitaifa,
miezi mitano ya duka la dawa la kubuni,
ikageuka kishale kidogo: njia ya mkato.
Mkato wa kwenda wapi? Ukibofya, huendi popote.
Ya tano. Ya sita. Hadi kengele ya chakula
chumba kizima kilikuwa vishale vitupu.
Nasambu hakulia. Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole.

Niliwapanga mstari. Geuzeni mifuko.
Gololi. Kipande cha muwa. Barua niliyoikunja tena bila kuisoma.
Flashi tatu, moja ina umbo la kiatu;
nikazipima kwenye mashine kuukuu ya mlangoni.
Safi. Safi. Safi.
Khamala hakunitazama usoni.
Alikuwa anatazama chini kidogo ya kidevu changu.

Kikulacho ki nguoni mwako, hufunzwa mtoto wa darasa la nne.
Changu kilikuwa na uzi mwekundu.
Nimekipitisha hapo kila Jumatatu, chini ya tangazo langu mwenyewe,
dawa na maradhi vimekaa kiti kimoja.

Nani alijua kwamba hazikuliwa, zilifichwa tu?
Khamala alijua. Alisoma amri kutoka daftari lake, polepole,
"kutoa echi, kutoa esi, kutoa ari,"
nami nikichapa kama mwanafunzi mgeni.
Folda zikatoka moja moja, kama zilizolowa,
duka la Nasambu likiwa la mwisho,
dawa za malaria zote zimo rafuni, bei zake hazijapanda.

Jumatatu iliyofuata nilikuta foleni mlangoni.
Nikasimama nyuma ya kitoto cha kidato cha kwanza.
Khamala alikuwa ameketi kwenye mashine kuukuu,
shati nje vilevile, mkono ameunyoosha bila kuinua macho.
"Huyu ng'ombe wa nani?"
"Wangu."
"Tumbukiza."