Mfasiri wa Mbweko

Banda lilikuwa Magomeni Kagera, nyuma ya mashine ya kusaga:
mabati, mabenchi sita, televisheni moja
yenye kisogo kirefu kama cha mtoto wa ndama.
Kiingilio shilingi hamsini. Asiye na hamsini
alete chupa mbili za soda, tupu, zisizo na ufa.

Mwinchande alikaa pembeni na kipaza sauti
alichokifunga leso ili mate yasikiingie,
akatufasiria dunia nzima kwa Kiswahili cha Magomeni.
Mzungu akifungua mdomo, Mwinchande yumo ndani.
Lakini siku ile shujaa hakuwa mtu.
Alikuwa mbwa wa polisi, manyoya kama zulia la ofisi ya mkurugenzi,
akaikimbilia nyumba inayoungua
na Mwinchande hakukubali apite bubu.
Mbweko mmoja: "Afande, mtoto yuko chumba cha uani!"
Mibweko miwili: "Msinishike, nitarudi, mwambieni mama yake!"
Akampa na jina, maana la kwao halikutamkika:
Sajini Makorokocho.

Tulilia. Naapa. Hata Hatibu, mtoto wa bucha,
aliyevunja mifupa bila kukunja uso,
alijifuta kwa kola ya shati la shule.
Sajini alipotoka motoni, mtoto kamng'ata ukosi,
banda zima likasimama, mabenchi yakapinduka,
mwenye banda akatishia kuzima jenereta.

Kisha tukatoka nje, macho bado mabichi,
tukamkuta yule mwingine amelala kwenye pumba,
koko, sikio moja, mbavu za kuhesabika,
tukaokota mawe.
Mimi pia. Langu lilimpata mguuni.
Alitoa mbweko mmoja tu
na Mwinchande alikuwa ndani, anakunja waya.

Nyumbani mama aliuliza neno moja: umemgusa?
Mara saba kwa maji, na moja iwe kwa udongo.
Sijamgusa, nikasema. Jiwe ndilo lililomgusa.

Nimekua, nimewasikia wengi wenye sifa.
Yule Warusi walimfunga chomboni, wakamrusha juu
bila nauli ya kurudi.
Yule wa Japani, aliyeshinda stesheni miaka
akimngoja profesa aliyekwisha kuzikwa.
Na yule aliyenyoosha miguu mlangoni pa pango
akalinda usingizi wa vijana wa watu
miaka mia tatu na tisa, bila mshahara wala zamu:
huyo maalimu Jongo alituhadithia chuoni,
fimbo mkononi, sauti ikamlegea,
halafu akatoka kumfukuza koko barazani.

Mwaka wa barabara ya mwendokasi
walikuja na rangi nyekundu, wakaandika X kwenye bati.
Mwinchande hakuiona; kifua kilishamchukua.
Kijiko kikasukuma mashine, ukuta, mabenchi,
na leso, kama bado ilikuwepo.
Nilipita nikienda zamu ya mchana
nikamwona juu ya kifusi, pale pale palipokuwa mlango.
Hakuwa yeye. Mbwa haishi miaka ishirini, najua hesabu.
Mjukuu labda, au mgeni tu wa Mburahati.
Lakini sikio lilikuwa moja.

Jua la saa saba. Bomba lililokatwa linavuja ovyo.
Nikakumbuka habari ya kiatu kilichochota maji kisimani
kwa kiu ya mbwa, mwenye kiatu akasamehewa.
Nikaviangalia vyangu. Elfu arobaini na tano, Kariakoo,
tena kwa kupatana sana.
Nikachota kwa kopo la rangi waliloacha,
nyekundu bado imeganda ukingoni.

Hakuja. Aliijua mikono ya watu.
Nikarudi nyuma hatua kumi, kisha ishirini,
nikaita kwa aibu, watu wa kituoni wakinikodolea:
"Sajini! Sajini Makorokocho!"

Sikio liliinuka.
Labda nzi.