Mzima Kama Fidla

Saa mbili na nusu nafungua kidirisha cha mapokezi,
Yorkshire inaingia na makoti yake yanayochuruzika.
Bi Ackroyd ndiye wa kwanza, kama kila Jumatatu.
Vipi hali?
"Niko chini ya hali ya hewa, mpenzi."
Kana kwamba yupo mtu bondeni humu aliyewahi kukaa juu yake.
Naandika: kikohozi, wiki ya tatu.

Ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na tisa huu:
kufasiri Kiingereza kwa Kiingereza.
Mwenye chura kooni, naandika koo.
Aliyegeuka kijani kwenye matamvua, naandika tumbo
na kumsogezea ndoo mapema.
Anayesema yuko mlangoni pa mauti ana mafua;
walio mlangoni kweli huuliza tu choo kiko wapi.

Horace Tordoff alichimba makaa miaka thelathini na mmoja.
Mapafu yake kwenye picha ni dirisha la stesheni iliyofungwa.
"Sina vumbi sana," hunijibu, "sina vumbi sana,"
kisha kicheko chake mwenyewe kinamkaba
na foleni yote inatazama viatu.

Lakini nilitaka kusema habari za Alwyn Sugden.

Fundi wa fidla, Mtaa wa Kinu, mlango wa buluu.
Alikuwa akija kuchukua dawa za mkewe, na baada ya mkewe
akaendelea kuja, sijui kuchukua nini.
"Mzima kama fidla," kila mara, akigonga kaunta kwa vidole viwili.
Nami sikuandika kitu. Nani huandika uzima?

Novemba binti yangu aliikalia fidla ya shule.
Nikaipeleka kwake imeviringishwa kwenye taulo.
Akawasha taa ndogo, akapenyeza kioo kama cha daktari wa meno,
akaniita nichungulie.
Ndani, gizani, kijiti kimesimama peke yake.
Hakina gundi. Hakina msumari.
"Wafaransa hukiita roho," alisema.
"Kinashikwa na kule kubanwa tu.
Nyuzi zinavuta kilo ishirini na ushei, usiku na mchana,
hata ikiwa sandukuni, hata pasipo mpigaji.
Na ubao wenyewe biskuti. Hapa umepasuka, hapa umegundishwa,
hapa kuna kiraka cha babu yangu.
Fidla nzima ndiyo hiyo, Thelma:
kitu chenye kila haki ya kupasuka
na leo hakijapasuka."

Akaketi. Nikaona mkono wake ulikokuwa,
chini ya kola, upande wa kushoto,
ukibonyezabonyeza kama unaotafuta ufa.

Miaka sita mtu ananiambia ukweli mtupu
nami namjibu, "Vyema sana, Bwana Sugden. Anayefuata!"

Nikampangia miadi siku ileile. Penye nafasi ya maelezo
niliandika: kijiti kimelegea.
Dokta Pillai akatoka na karatasi mkononi,
akauliza hii ni lugha gani.
Yake, nikasema. Msikilize kifua.

Ambulensi ikampeleka Leeds.
Alhamisi nikapiga simu wodini, na muuguzi,
sauti changa, iliyopigwa pasi, akasema: "Yuko starehe."
Neno hilo nalijua. Nimewahi kuwapa watoto wa watu
kupitia kidirisha hikihiki.
Hilo silifasiri.

Fidla nimeikuta rafuni kwake, imekwisha,
kibandiko kina jina la binti yangu, na bei
imekatwa kwa kalamu ya risasi.
Anaipiga sebuleni, vibaya, wimbo uleule,
nami simwambii apumzike.

Jumatatu. Saa mbili na nusu.
Bi Ackroyd anaweka mwavuli chini, ananitazama sana.
"Na wewe je, Thelma?"
"Sawa kama mvua," nasema,
na wote wawili tunageukia dirishani,
ambako imekatika.