Upande wa Pili

Agosti, Mabela, saa nane mchana.
Gari limesimama chini ya kivuli cha bati
nje ya zahanati ya meno. Salha yumo ndani.
Kiyoyozi kinakoroma, na mimi, miaka hamsini na tatu,
mhandisi wa mitaro ya mvua katika nchi isiyo na mvua,
nasikiliza Mfalme wa Risasi tangu mwanzo,
kama walivyotaka wenyewe walioitunga:
nyimbo kumi na moja, hadithi moja, hakuna kuruka.

Niliinunua Ruwi, baisa mia sita,
kwa Kunjumon aliyenakili kila kitu, filamu na mawaidha,
akaandika juu ya kaseti kwa kalamu nyekundu
jina la bendi, akakosea herufi mbili.
Kiingereza alikijua binamu yangu Muhanna.
Alilala chali kwenye zulia, akinifasiria:
"Sasa mfalme anakunywa risasi iliyoyeyuka.
Sasa anajenga mnara.
Sasa binti yake anatoroka na mhunzi."
Risasi ya bunduki au ya bomba la maji?
"Zote mbili," akasema. Nikaamini.

Leo maneno nayasikia mwenyewe.
Mhunzi hayumo.
Binti hatamki kitu; ametajwa mara tatu,
na mara zote ni nywele zake tu.
Wimbo wa sita ni dakika tisa za upepo
na mtu anayecheka peke yake.
Ngoma zinalia kama masufuria yameanguka kwa jirani.
Na yule mwimbaji niliyedhani kaiona Jahanamu kwa macho yake
ni kijana tu, anajikaza,
mshipa umemtoka shingoni,
hajazika mtu.

Nataka kucheka.
Kisha unaingia ule wa nne,
magitaa mawili yanakwea, moja juu ya bega la mwenzake,
na malaika ya mkono yananisimama,
niko Wadi Kabir, juu ya paa, tangi la maji linanichoma mgongo,
natikisa kichwa mpaka kofia inaruka
inaangukia uani kwa watu, na sishuki kuifuata.

Wa kumi na moja sikuwahi kuusikia.
Mama alitaka kaseti ya kupeleka salamu Unguja,
akachukua iliyokuwa karibu.
Basi kila mfalme alipofika kidato cha mwisho cha mnara,
radi zote zimejipanga nyuma yake,
tak:

"Bismillahi. Zeyana, mdogo wangu, ni mimi.
Sisi wazima. Joto la huku hata maji ya mfereji yanaunguza.
Nazi zao hazina tui.
Mwambie Biubwa kile kitambaa anakuja nacho yule bwana wa Mkwajuni.
Usilie. Mimi silii."

Kikohozi. Kijiko kikigonga kikombe.
Basi.

Hakuipeleka. Alisema sauti imetoka vibaya,
akaazima kaseti nyingine, akanirudishia yangu
bila kuniomba radhi, nami nikanuna siku tatu.
Mwaka wa tisini na tatu redio ya Korola ikaitafuna,
nikauvuta utepe wake kwa vidole, barabarani, njia ya Nizwa,
mita na mita, unang'aa,
nikautupa.

Sasa mfalme yuko kidatoni.
Radi zimejipanga.
Nimeshika usukani kwa mikono miwili, nasubiri ile tak.

Haiji.
Mfalme anatubu. Kwaya ya watoto inamsamehe.
Kinanda kinamimina sukari, dakika nne nzima,
na mnara, kumbe, ulikuwa ndoto.

Mlango unafunguka, joto linaingia kwanza, halafu Salha,
shavu limekufa ganzi, pamba mdomoni.
"Nini hii, baba?"
Ya zamani.
"Nzuri?"
Narudisha nyuma mpaka wa nne, naongeza sauti,
vioo vinatetemeka,
naye anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.
Nazi zao hazina tui, namwambia.
"Eti?"
Funga mkanda.